Matangazo ya Ulinzi wa Nchi: Maana Yake kwa Lugha Yetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na raia wa mji. Tunayaandika hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa kazini zamu ya usiku wasiweze kufika.

Ndugu wafanyakazi, mama zetu, wazee wetu, na ninyi vijana,

Leo hatukuja kuwaita katika maandamano wala kuomba michango. Tumekuja kwa kazi moja tu: kufungua pamoja nanyi karatasi ambazo serikali huzibandika ukutani, au huzisoma kwa redio, kila inapotaka kusema juu ya ulinzi wa nchi.

Karatasi hizo huandikwa kwa Kifaransa kigumu. Mtu husimama mbele yake, huona muhuri, huona jina la jenerali, huogopa, hurudi nyumbani. Njiani hukutana na mwenzake aliyesikia habari nyingine. Na kabla ya jua kushuka mji mzima una habari kumi, wala hakuna hata moja iliyoandikwa katika ile karatasi.

Katika giza la namna hiyo raia hupata hasara mbili. Ya kwanza, huvunja amri ya kweli pasipo kujua, naye hufungwa. Ya pili, hulipa pesa kwa amri ya uongo, ile isiyoandikwa popote, inayotoka kinywani mwa mtu mmoja mwenye bunduki penye kizuizi. Tunataka hasara hizi mbili zikome. Na dawa yake ni moja: kuijua karatasi.

Sisi watu wa migodi tunajua tangu zamani mambo ya amri zisizoelezwa. Wakati wa vita vya mwaka wa 1940 hata 1945, serikali ya kikoloni ilitoa amri nyingi kwa jina la vita. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi ya Katanga waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Mwaka wa 1942 siku za kazi ya lazima kwa watu wa vijijini ziliongezwa kutoka 60 hata 120 kwa mwaka. Na jiwe la Shinkolobwe lilichimbwa kwa mikono ya wazee wetu, likapelekwa Marekani, likatumika katika mabomu ya mwaka wa 1945. Hakuna tangazo hata moja lililomwambia mchimbaji jiwe lile ni la kazi gani. Kwake yeye palikuwa na amri tu, na kiboko nyuma ya amri.

Na uhuru ulipofika, je, tulijifunza kusemezana? Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya uhuru, Jenerali Janssens, mkubwa wa jeshi la Force Publique, aliwakusanya askari wa Léopoldville, akachukua chaki, akaandika ubaoni ya kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Maneno yenyewe hayakujaza hata mistari miwili. Askari waliyasoma, waliyaelewa kwa namna yao, na maasi yakaanza siku ile ile. Kabla ya juma kwisha moto ulikuwa umeenea mbali. Basi, ikiwa askari mwenyewe, aliyezoea amri, hawezi kuvumilia tangazo lisilo na maelezo, raia atawezaje?

Sasa tuseme juu ya haki yetu ya lugha. Katiba ya nchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifungu cha 62 kinasema hakuna anayeruhusiwa kujitetea kwa kusema hakuijua sheria. Neno hilo ni zito. Lakini kifungu cha 142 kinaibebesha serikali mzigo wake pia: sheria sharti ienezwe kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha zile nne, katika muda wa siku 60 tangu Rais alipoitia sahihi. Mnaona? Mizani ina pande mbili. Raia ana wajibu wa kuijua sheria. Serikali ina wajibu wa kumpa sheria kwa lugha anayoisikia. Kifungu hicho kinasema juu ya sheria zinazopita Bungeni. Lakini tukidai kwamba tangazo la ulinzi nalo lisomwe kwa Kiswahili, hatudai jambo la ajabu. Tangazo la ulinzi halingoji siku 60. Linaweza kumfunga mtu jioni ile ile.

Tuingie basi katika maneno yenyewe. Tutayachukua yale yanayoonekana mara nyingi.

Neno la kwanza ni ndugu wawili: état d'urgence na état de siège. Wengi huyachanganya. La kwanza tuliite hali ya dharura. La pili tuliite hali ya kuzingirwa. Yote mawili yamo katika kifungu cha 85 cha Katiba, na Rais ndiye anayeyatangaza, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na wakubwa wa mabaraza mawili ya Bunge. Gavana hawezi kuyatangaza. Kanali hawezi. Mkubwa wa komini hawezi.

Tofauti yake tumeiona kwa macho. Tarehe 24 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ilitangazwa hali ya dharura. Magavana walibaki katika viti vyao. Raia tuliamriwa tu kutokukusanyika na kutokusafiri ovyo. Lakini tarehe 3 Mei 2021, kwa sababu ya vita na mauaji, ilitangazwa hali ya kuzingirwa katika mikoa miwili, Ituri na Kivu ya Kaskazini, nayo ikaanza tarehe 6 Mei. Huko magavana wa kiraia waliondolewa, na majenerali wakakaa mahali pao. Kazi ya utawala ilipita mikononi mwa jeshi na polisi. Makosa ya jinai ya raia yalipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Wakubwa wa jeshi walipewa uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku, kukataza mikutano na maandishi yanayodhaniwa kuleta fujo, kufunga barabara kwa saa fulani, na kuwaondoa watu mahali fulani.

Sikieni sasa neno ambalo wengi hawalijui. Hali hizi hazina umri wa milele. Kifungu cha 144 kinasema amri ya namna hii inakufa yenyewe baada ya siku 30, isipokuwa Bunge limekubali kuirefusha, tena kwa siku 15 tu kila mara. Kule Ituri na Kivu ya Kaskazini ilirefushwa mara nyingi sana, siku 15 juu ya siku 15, miaka ikapita. Hata mwezi wa Oktoba 2023 Rais mwenyewe alitangaza kwamba masharti yatalegezwa kidogo kidogo. Mtu anaweza kusema, basi siku 15 zina faida gani? Faida yake ni hii: kila siku 15 mbunge wako lazima anyanyue mkono. Na aliyenyanyua mkono anaweza kuulizwa na waliomtuma. Muulizeni.

Neno la pili ni couvre-feu. Kwa asili ni kusema «funika moto», maana zamani huko Ulaya kengele ililia usiku ili kila nyumba ifunike moto wake. Kwetu maana yake ni saa za kutotembea. Wazee wanakumbuka ukoloni, ambapo mtu mweusi hakuweza kutembea mjini usiku pasipo karatasi ya ruhusa. Vijana wanakumbuka tarehe 18 Desemba 2020, ambapo nchi nzima ilikatazwa kutembea tangu saa tatu ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri, kwa sababu ya korona.

Kwa mfanyakazi wa zamu ya usiku neno hili ni la kula au kulala njaa. Kwa hiyo, siku linapotangazwa, mtume mjumbe wenu kwa mkubwa wa kazi kabla ya zamu kuanza, adai karatasi ya ruhusa yenye jina, saa na muhuri kwa kila mtu. Asikubali ahadi ya mdomo. Kizuizini ahadi ya mdomo haisomeki. Tena kumbukeni: tangazo la saa za usiku linasema saa, halisemi bei. Kama kuna faini, imeandikwa, na anayelipa anapewa risiti. Pesa inayotoka mkononi gizani na kuingia mfukoni gizani si faini ya serikali.

Neno la tatu ni perquisition, yaani kupekua nyumba. Siku za kawaida nyumba ya mtu haiingiliwi ila kwa kufuata sheria. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 29. Katika hali ya kuzingirwa mlango unaweza kugongwa hata usiku, kama ilivyoamriwa mwaka wa 2021. Lakini kupekua ni kutafuta. Si kubeba redio, kitenge na sufuria za mama. Ikiwa kitu kimechukuliwa, ulizeni kimeandikwa wapi.

Neno la nne ni réquisition. Hapo serikali inataka gari lako, ghala lako au mikono yako kwa kazi ya ulinzi. Kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu: haondolewi mali yake ila kwa faida ya watu wote, na kwa malipo ya haki yanayotangulia. Mwenye gari anayeombwa gari aombe naye karatasi: nani amelichukua, siku gani, kwa kazi gani, litarudi lini. Pasipo karatasi, gari limepotea.

Neno la tano ni mobilisation, yaani kuwaita watu wajiunge na ulinzi. Hapa tunasema na ninyi vijana, na wazazi wenu wasikie. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais alisema na taifa juu ya vita vya Kivu, akawaita vijana waingie jeshini, na pia wajiunge katika vikundi vya kukesha ili kuwasaidia askari. Mwaka wa 2023 ikaundwa kwa sheria akiba ya silaha ya ulinzi, inayoitwa réserve armée de la défense. Kulinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 63, nasi tunasema vilevile. Lakini kifungu cha 190 kinasema pia: hakuna ruhusa ya mtu yeyote kuunda jeshi lake la binafsi wala kulisha vijana wenye silaha, na anayefanya hivyo amefanya uhaini mkubwa. Basi, kijana, ukifuatwa usiku na mtu asiye na barua, asiyeandika jina lako katika kitabu cha jeshi, akikupa bunduki na bangi na ahadi ya dola, jua kwamba huyo hakuiti kulinda nchi. Na mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 haruhusiwi kuandikwa jeshini wala kutumiwa na kikundi chochote chenye silaha. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto imekataza kabisa.

Ndugu zetu, tumesema uwezo wa serikali. Tuseme sasa mpaka wake. Hata siku ya kuzingirwa, hata siku ya dharura, kuna mambo saba ambayo hayaguswi. Yamo katika kifungu cha 61. Tuyahesabu kwa vidole: uhai wa mtu; katazo la kutesa watu; katazo la utumwa; sheria kwamba hakuna kosa wala adhabu isiyoandikwa kwanza; haki ya kujitetea na ya kukata rufani; katazo la kufunga mtu kwa sababu ya deni; na uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Hakuna tangazo la jenerali linaloweza kufuta hata kidole kimoja.

Juu ya rufani, shikeni sana. Kifungu cha 156 kinamruhusu Rais, wakati wa vita au wa hali hizi mbili, kuwapeleka raia mbele ya mahakama za kijeshi. Lakini kifungu hicho hicho kinasema haki ya rufani haisimamishwi. Jambo hili si la kuchezea. Waraka wa tarehe 13 Machi 2024 wa wizara ya haki uliondoa zuio la kuua waliohukumiwa kifo, zuio lililokuwa limedumu tangu mwaka wa 2003, nao unataja uhaini na makosa ya wakati wa vita. Kwa hiyo karatasi tunayoipita ukutani pasipo kuisoma inaweza kuwa inazungumza juu ya shingo ya mtoto wetu.

Tena kifungu cha 18 kinasema mtu anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Kwamba anayo haki ya kuwasiliana na jamaa yake au mtetezi wake. Na kwamba polisi wasimweke zaidi ya saa 48 pasipo kumwachilia au kumpeleka mbele ya mwenye uwezo wa sheria. Kwa lugha anayoielewa! Maneno hayo hatukuyatunga sisi.

Basi, tangazo linapotokea, tulisomeje? Tunawapa maswali matano, sawa na vidole vya mkono mmoja.

Nani ametia sahihi? Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na M23, na watu wa huko walisikia amri zikitoka kwa mamlaka mbili zinazopigana. Siku kama hiyo sahihi ndiyo habari yenyewe.

Siku gani? Tangazo la zamani hupitishwa tena kama jipya, na watu hukimbia vita vya mwaka jana.

Mahali gani? Amri ya mwaka wa 2021 ilikuwa ya mikoa miwili. Mtu wa Kolwezi au wa Likasi aliyetishwa kwa jina la amri ile alidanganywa.

Mpaka lini? Amri isiyotaja mwisho, ulizeni mwisho wake.

Inaamuru nini hasa? Si jirani anasemaje, bali karatasi inasemaje.

Tujaribu maswali haya katika jambo letu la migodi. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika machimbo makubwa ya Kolwezi, na makumi ya wachimbaji wadogo wakafa. Baada ya msiba huo jeshi lilitumwa kuwaondoa wachimbaji katika machimbo ya makampuni, nao wakapewa siku chache tu kuondoka. Wengi walijua kwamba askari wanakuja. Ni wangapi waliojua amri imetolewa na nani, inahusu machimbo gani, inaishia wapi, na vyombo vyao vya kazi vitakwenda wapi? Hapo ndipo raia asiyejua hugeuka mkimbizi katika mji wake mwenyewe. Na jueni neno hili pia: sheria ya migodi ya mwaka wa 2002 inasema askari na polisi hawana ruhusa ya kuomba haki ya machimbo. Anayesimama juu ya shimo lako na kudai magunia kwa jina la ulinzi wa nchi, hana tangazo lolote nyuma yake.

Msitusikie vibaya. Hatusemi raia abishane na bunduki usiku. Uhai kwanza. Penye kizuizi sema kwa upole, onyesha kadi yako, shika akilini saa, mahali, na namba ya gari ukiiona. Asubuhi nenda na mashahidi kwa mkubwa wa komini, kwa mwanasheria, kwa chama chenu cha wafanyakazi. Wala hatusemi kila askari ni mwizi. Wako askari wanaokufa mbele ya adui ilhali mshahara wao umechelewa; hao ni watoto wetu, na karatasi iliyo wazi inawalinda hata wao, maana inawatenga na wale wanaoliharibu jina lao.

Wajibu wetu nao upo. Amri ya kweli, iliyotolewa na mwenye uwezo, tuitii. Habari ya mienendo ya askari tusiitangaze ovyo sokoni wala kwa simu. Uvumi tusiubebe. Watu wa Lubumbashi wanakumbuka tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji wa Kata Katanga walipoingia mjini: siku ya namna ile hakuna nafasi ya kujifunza kusoma. Tujifunze leo, kungali salama.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwa serikali: kila tangazo la ulinzi lisomwe na kubandikwa kwa Kiswahili siku ile ile linapobandikwa kwa Kifaransa, kwa maneno ambayo mama muuza mboga anayaelewa. Kwenu ninyi: kila kambi ya wafanyakazi na kila mtaa uchague watu wawili wanaojua Kifaransa vizuri, wenye kuaminiwa na watu. Tangazo likitoka, hao walisome lote, waliandike kwa Kiswahili, walisome mbele ya watu jioni ile ile, pasipo kuongeza wala kupunguza. Asiyeelewa aulize; kuuliza si ujinga.

Zamani tuliambiwa tutii tu. Leo nchi ni yetu, na ulinzi wake ni wetu. Mwenye nyumba hutaka kujua mlango umefungwa na nani, na ufunguo uko wapi.

Waambieni na wale wa zamu ya usiku.